Kabla ya Kumhamisha Mtoto: Tathmini ya Shule za Kimataifa na Ile ya Mtaala wa CBC

Hotuba kwa wazazi na walezi wa Kaunti Ndogo ya Njoro



Shule za kimataifa si jambo geni katika Kaunti ya Nakuru. Pembroke House ilianzishwa Gilgil mwaka wa 1927. St Andrew's ya Turi, kule Molo, ilifuata mwaka wa 1931. Greensteds nayo iko karibu na jiji la Nakuru. Zamani zilikuwa za watoto wa wageni. Siku hizi familia za Wakenya pia zinazichagua, na si ajabu nyumba moja hapa Njoro kuwa na mtoto mmoja katika shule ya namna hiyo na mwingine katika shule ya umma.

Suala la leo si shule gani ni bora. Hilo ni la mzazi na mfuko wake. Suala ni mtoto anayevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi inaisha, kampuni inapunguza wafanyakazi, karo inakuwa mzigo, na mtoto analetwa shule ya jirani akiwa na ripoti nzuri mkononi. Mzazi anadhani ripoti hiyo inatosha. Mara nyingi haitoshi.

Kwanza, hesabu ya madarasa. Shule inayofuata mtaala wa Uingereza huanza mwaka wake Septemba, nasi huanza Januari. Mtoto wa Mwaka wa 6 katika mtaala huo anatimiza miaka 11 ndani ya mwaka huo wa masomo, ilhali wengi wa Gredi ya 6 hapa kwetu wana miaka 11 au 12. Kwa umri, basi, Mwaka wa 7 wao ndio unaokaribiana na Gredi ya 6 yetu. Mzazi anayelinganisha nambari kwa nambari anaweza kumruka mtoto mwaka mzima bila kujua.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, ni tathmini yenyewe.

Wengi wetu tulilelewa na KCPE. Ilianza mwaka wa 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, na watahiniwa wa mwisho waliifanya mwaka wa 2023. Siku chache za mtihani, jumla ya alama, na maisha ya mtoto yakaelekezwa. Kwa mzazi aliyezoea hivyo, mtoto kuhama katikati ya shule ya msingi halikuwa jambo kubwa, mradi tu awahi kusajiliwa na kuufanya mtihani wa mwisho.

Chini ya mtaala wa umilisi, CBC, mambo sivyo tena. Tathmini ya KPSEA, inayofanywa mwisho wa Gredi ya 6 tangu mwaka wa 2022, hubeba asilimia 40 pekee ya matokeo ya mtoto. Asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, asilimia 20 kila gredi. Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, huandaa kazi hizo, mwalimu wa darasa huzisimamia na kuzisahihisha, kisha shule huingiza alama katika mtambo wa KNEC. Mtoto hutambuliwa humo kwa nambari yake ya tathmini.

Ni kweli kwamba KPSEA haimzuii mtoto kuingia sekondari msingi. Wote wanaendelea na Gredi ya 7. Lakini matokeo yake hayatupwi. Katika mpango wa kumpeleka mtoto sekondari ya juu, KPSEA inahesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Kwa hivyo kazi aliyofanya mtoto wa Gredi ya 4, akiwa bado anapoteza penseli kila wiki, inamfuata hadi mlango wa Gredi ya 10.

Sasa mfikirie mtoto aliyesoma miaka hiyo mitatu katika shule ya kimataifa. Huenda alifanya Cambridge Primary Checkpoint, inayopima Kiingereza, hisabati na sayansi na kumwonyesha mzazi mada ambazo mtoto amezishika na zile zilizomshinda. Huenda anaandaliwa kwa Common Entrance, mtihani ambao shule za Uingereza hutumia kupokea wanafunzi wa miaka 13. Ni tathmini nzuri kwa kazi yake. Lakini haziingii zenyewe katika mtambo wa KNEC, wala hazijazi pengo la Gredi ya 4 hadi ya 6.

Kisha kuna Kiswahili. KPSEA ina karatasi ya Kiswahili, au Lugha ya Ishara kwa watoto viziwi. Checkpoint haina. Baadhi ya shule za kimataifa hufundisha Kiswahili kwa dhati, nyingine vipindi vichache tu kwa wiki. Mtoto anayejua kuagiza chai kwa Kiswahili bado hawezi kuandika insha, na mwalimu wa Gredi ya 6 hana muda wa kuanza na ngeli. Hili mzazi anaweza kulishughulikia nyumbani mapema, tena bila gharama, akiwa na gazeti la Kiswahili mezani.

Kwa sababu hizo, mzazi anayeona dalili kwamba karo itamshinda afanye uamuzi kabla ya Gredi ya 4. Kumngoja mtoto amalize msingi ndipo ahame, kama ilivyozoeleka, ndiyo njia yenye hasara zaidi kwa sasa.

Aliyekwisha kuchelewa asikate tamaa, wala asimfiche mwalimu mkuu historia ya mtoto. Afike kwanza katika shule anayoitaka, kisha katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, aulize mtoto atasajiliwa gredi gani na KNEC itashughulikia vipi miaka asiyo na alama. Abebe cheti cha kuzaliwa na ripoti zote za mtoto, si ya mwisho pekee. Afanye hivyo kabla ya kumwondoa mtoto alikokuwa.

Maswali kuhusu shule za msingi yapelekwe katika ofisi hiyo, kwa kuwa Katiba imeiachia serikali ya kitaifa jukumu hilo. Serikali ya Kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mzazi mwenye swali kuhusu chekechea anaweza kumwona mwalimu wa kituo kilicho karibu naye au afisa wa elimu wa kaunti katika wadi yake.