Uvimbe wa Ini Usihukumiwe kwa Picha



Katika kikao cha madaktari hapa Butembo, kijana mmoja mwenye akili nyingi alisimama akasema kila uvimbe unaoonekana kwenye ini la mtu mzima uitwe kansa mpaka biopsi ikanushe. Mgonjwa apelekwe Kampala. Asiye na nauli arudi nyumbani na dawa za maumivu. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga, na mhadhara huu ndio jibu langu kwake.

Hoja yake ina mzizi wa kweli. Virusi vya homa ya ini B tunavyo, karanga na mahindi yenye ukungu tunayala, na aflatoksini ikikutana na virusi hivyo huleta kansa hata kwa kijana. Hayo mnayajua.

Lakini litazameni neno "mpaka". Mkulima wa Lubero atavukaje Kasindi hadi Kampala bila kuuza shamba? Kwake "mpaka biopsi ikanushe" maana yake ni milele. Na hata akifika, uvimbe wake ukiwa jipu la amiba wala si kansa, sindano ikigusa ukuta wa jipu hilo itatoa seli za kovu na damu iliyoganda. Jibu litasema kansa haikuonekana, na mwenye kanuni hiyo atasema sindano ilikosa mahali. Basi ni jibu gani litakalomridhisha? Kanuni isiyokubali kukanushwa na chochote imekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi.

Atasema: basi tukate, tuone. Mwaka 1953 Pack na Baker walieleza habari za mgonjwa aliyeondolewa upande wote wa kulia wa ini. Uvimbe wenyewe ulikuwa wa inflamesheni tu, haukuwa kansa. Tangu hapo tumejifunza kwamba uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hunywea wenyewe au kwa dawa. Na Pack na Baker walikuwa mabingwa wa upasuaji. Macho na mikono yao vilidanganywa, sembuse picha yetu ya ekografi.

Hapa niruhusuni nirudi kwenye jipu la amiba, nikae kidogo na maandishi ninayoyapenda kuliko yote katika taaluma hii. Mwaka 1890, Baltimore, William Osler alimtibu daktari kijana aliyekuwa ameishi Panama, akaona amiba katika usaha wa ini lake. Mwaka uliofuata wenzake wawili wa hospitali yake, Councilman na Lafleur, walitoa maandishi hayo, maelezo marefu ya ugonjwa wa amiba. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara nasimama palepale: wanasema kile tunachokiita usaha, kwa kweli, si usaha. Ni nyama ya ini iliyooza na kuyeyuka, na chembe za usaha humo ni chache mno. Waliona hayo kwa hadubini na subira, bila ekografi wala skana. Kwa nini nalisifu jambo hili? Kwa sababu nyama inayoyeyuka haiyeyuki yote siku moja. Mwanzoni jipu ni gumu kiasi, na kwenye ekografi huonekana kama donge, kama kansa kabisa. Anayelijua hilo hatishwi na donge, atauliza maswali: homa ina siku ngapi? Bega la kulia linauma? Ukibonyeza kati ya mbavu, mgonjwa anaruka? Ni mwanaume? Maana jipu la amiba huwapata wanaume takriban mara 10 zaidi kuliko wanawake. Wala asingoje amiba kwenye choo, kwani wagonjwa wengi hawana.

Baba yangu mdogo, wa Kyondo, alikuwa na homa wiki tatu. Kliniki moja ilimwona na donge la sentimeta 9, ikawaambia watoto ni kansa. Nilipofika, walikuwa wameshagawana mikaratusi yake. Nilimbonyeza mbavu, akalia. Tukampa metronidazoli, ile Flagyl ambayo Powell na wenzake wa Durban walionyesha mwaka 1966 kwamba inatibu jipu la amiba. Siku ya tatu homa ilishuka, akaomba bugali na sombe.

Baada ya wiki mtu akampima tena ekografi: donge lilelile, sentimeta zilezile. Kelele za kansa zikaanza upya. Hapa ndipo picha inapotudanganya mara ya pili! Shimo la jipu lililopona huchukua miezi kujaa. Anayepaswa kutazamwa wiki hiyo ni mgonjwa: homa yake, usingizi wake, sahani yake.

Mtu ataniambia huenda lilikuwa jipu la bakteria, kwani dawa hiyo huua baadhi ya bakteria pia. Sawa, lakini hiyo nayo si kansa. Ataniambia vilevile kwamba kansa inayooza huleta homa. Ni kweli, na mimi nimewahi kukosea hata pasipo homa. Mama mmoja wa Oicha alikuja na ini gumu lenye vinundu, maji tumboni, mshipa mkuu wa ini umeziba. Hakuwa na homa. Nilimpa dawa kwa ukaidi, na siku ya tatu ilinibidi nikae kitandani kwake nimwambie ukweli ambao ningemwambia siku ya kwanza. Dalili zile zikikutana, msingoje.

Hata hivyo sibadili neno. Penye homa na maumivu ya mbavu, na ini lililobaki likiwa laini, dawa itangulie na neno kansa lisubiri siku tatu. Kumpa mgonjwa siku hizo hakuhitaji nauli ya Kampala.

Baba mdogo alipimwa tena mwezi wa sita. Palikuwa na kovu dogo. Mikaratusi hajaidai, amepanda mingine.