Sosi ya Nyanya: Tupike kwa Kipimo, Tuuze kwa Hesabu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya nyanya. Si jinsi ya kuzipanda, maana kazi hiyo mnaijua kutushinda. Tunataka kuzungumza juu ya ile wiki ambayo nyanya zimeiva kwa kila mtu. Iwe ni Mwea, Loitokitok ama Taveta, mambo ni yale yale. Mashamba yameiva pamoja, broka anajua hivyo, na bei ya kreti inaanguka mpaka mkulima anaona afadhali zioze shambani kuliko kulipa vibarua wa kuchuma. Na wiki hiyo hiyo mtoto anatumwa dukani kununua chupa ya sosi! Nyanya zetu tunazimwaga, halafu tunanunua za wengine zikiwa kwenye chupa. Pesa zinatutoka mara mbili.

Ndiyo sababu vikundi vingi vinauliza: je, hatuwezi kupika sosi wenyewe? Jibu letu ni kwamba tunaweza. Lakini kuna mambo mawili yasiyokubali mchezo, nayo ni kipimo na hesabu. Bila kipimo, sosi inaweza kumdhuru mtu. Bila hesabu, inaweza kumaliza pesa za kikundi.

Kuchagua nyanya

Chukueni nyanya zilizoiva vizuri na bado ni ngumu. Zilizo na nyama nyingi, kama Rio Grande na Cal J, ndizo nzuri. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za nyanya ni maji, kwa hivyo yenye majimaji mengi itawamalizia kuni bure.

Watu wengine husema, "Hii imeoza kidogo tu, tuitupe kwa sufuria." Hapana. Iliyooza, iliyoota ukungu au iliyotoka kwa mti uliokufa isiingie. Nyanya kama hizo hupungukiwa na ukali, yaani ile asidi, na asidi ndiyo mlinzi wa sosi. Pia msichume kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ya kunyunyizia hazijaisha. Kupika hakuondoi dawa yote.

Vipimo

Anzeni na kiasi kidogo. Kikombe hapa ni cha mililita 240, na kijiko ni kile kikubwa.

- Nyanya kilo 5½
- Vitunguu vilivyokatwakatwa, vikombe 1½
- Siki (ile vinega ya dukani), vikombe 1½. Someni karatasi ya chupa: iwe imeandikwa asilimia 5
- Sukari, robo tatu ya kikombe
- Chumvi, vijiko 2
- Mdalasini vijiti 2 na karafuu chache, ukipenda

Hizi zitawapa karibu lita 1½ ya sosi.

Kupika

Kwanza, osheni nyanya, mzitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi. Ganda litatoka lenyewe. Ondoeni kikonyo, mkate vipande vinne.

Pili, wekeni nyanya na vitunguu kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria nyembamba za alumini huliwa na asidi na kuharibu ladha. Pikeni kwa dakika 20 bila kufunika.

Tatu, chemsheni siki kando, na viungo vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa safi. Toeni kitambaa, mmimine siki kwenye nyanya, mpike dakika 30 zaidi.

Nne, pitisheni yote kwenye chujio, mkisukuma kwa mwiko mpaka zibaki mbegu tu.

Tano, rudisheni jikoni, mtie sukari na chumvi, na mpike kwa moto mdogo mkikoroga. Hapa ndipo subira inahitajika, maana sosi inashika chini upesi. Ikipungua karibu nusu, wekeni kidogo kwenye kijiko. Ikikaa kama kilima bila kutoa maji pembeni, iko tayari.

Jameni, msiongeze unga, malenge wala viazi ili ijae. Kwanza ni kumdanganya mnunuzi. Pili, uzito ule unazuia moto kufika katikati ya chupa. Msiongeze vitunguu, saumu wala hoho kupita kipimo, maana vinapunguza ukali. Mafuta pia yasiingie.

Kuweka kwenye chupa

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuna kijidudu kinachoishi kwenye udongo, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Kikifungiwa mahali pasipo na hewa na pasipo asidi ya kutosha, kinatoa sumu inayoweza kuua. Sumu hiyo inaweza kuwapo bila harufu wala rangi ya kukuonya. Nyanya peke yake iko karibu sana na mpaka wa hatari, na siki ndiyo inayotuvusha upande wa usalama. Kwa hivyo siki isipunguzwe, hata kama mnunuzi anapenda sosi tamu.

Tumieni chupa za kioo zenye mdomo mpana, zisizozidi nusu lita. Zioshwe vizuri na kuwekwa zikiwa moto. Vifuniko viwe vipya, maana cha zamani hakizibi. Jazeni sosi ikiwa moto, mwache nafasi kidogo juu, mpanguse mdomo na kufunga. Halafu zisimamisheni kwenye sufuria kubwa yenye kitambaa chini, maji yazifunike kwa sentimita 2½, na mchemshe.

Dakika mnazihesabu kuanzia maji yanapotokota. Mahali palipo chini ya mita 300, kama pwani, ni dakika 15. Kutoka hapo mpaka mita 1,800, ni dakika 20. Juu ya hapo, kama Limuru na Nyahururu, ni dakika 25. Kwa nini? Kwa sababu mlimani maji huchemka kabla hayajafikia moto wa pwani. Yanatokota, lakini hayana nguvu ile.

Kesho yake bonyezeni kila kifuniko katikati. Kikicheza, chupa hiyo haikuziba, isiwekwe rafuni. Chupa ikivimba, ikitoa povu au ikinuka, mwageni mbali na watoto na mifugo. Msiionje ili kujua.

Hesabu

Haya, sasa waweka hazina wasikilize. Kabla ya kununua chupa 200, pikeni mara moja na mwandike kila kitu: nyanya kwa bei ya soko la siku hiyo, vitunguu, siki, sukari, chumvi, kuni au makaa, chupa, vifuniko, nauli, na masaa ya kazi. Jumlisheni, mgawanye kwa idadi ya chupa mlizopata. Halafu nendeni dukani mwangalie sosi ya kiasi hicho inauzwa ngapi.

Vikundi vingi hushangaa hapa, maana chupa na kifuniko vinaweza kugharimu kuliko nyanya zilizo ndani. Hata nyanya ikiwa ya bure, siki na chupa si za bure. Na msiandike masaa ya akina mama kuwa sufuri. Mama aliyekoroga sufuria tangu asubuhi amefanya kazi, na kazi ina bei. Bei ya nyanya ikiwa nzuri, uzeni nyanya. Sosi ni ya wakati bei imeanguka.

Kuuza

Kupika kwa ajili ya nyumba zenu hakuhitaji karatasi. Kuuza ni jambo lingine. Muoneni afisa wa afya ya umma awaeleze kuhusu leseni, mahali pa kupikia na vyeti vya afya vya wapishi. Kisha kuna shirika la viwango, KEBS, kwa alama ya ubora. Karatasi ya chupa ioneshe jina, viungo, uzito, mtengenezaji, tarehe ya kupikwa na ya mwisho wa kutumika. Msiharakishe kuuza sokoni kwa siri. Mtu mmoja akiugua, jina la kikundi limekwisha, na pesa mlizochanga miaka mingi zimekwenda nalo.

Ushauri wetu ni huu. Msimu wa kwanza, kila mwanachama apike kwa ajili ya nyumba yake, na kikundi kiandike hesabu. Msimu wa pili, kaeni mkutano na kile kitabu mezani. Kitabu kikionesha faida, endeleeni mpaka kwa afisa wa afya. Kikionesha hasara, hamjapoteza kitu, maana hela mliyokuwa mkipeleka dukani kila mwezi imebaki nyumbani.

Sasa tupeni maswali.