Mkono Mahali Jicho Lisipofika

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya motokaa kuukuu. Si motokaa yoyote, bali ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe ambayo wazee wetu waliijua vema. Mwaka 1962 gari la aina hiyo lilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki. La mwisho kabisa liliundwa Puebla, nchini Meksiko, mwezi Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Hata hivyo wapo wanaolitunza hadi leo, nyumbani, chini ya mwembe, kwa mikono yao wenyewe. Hao ndio tunaotaka kusema nao.

Shida huanza kwa tone. Mwenye gari huona mafuta ya injini yakidondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Baada ya muda klachi inalowa, inateleza, na mlima uliokuwa rahisi unakuwa mgumu. Mara nyingi kinachovuja ni sili, yaani pete ya mpira, kitu cha bei ndogo sana. Lakini sili hiyo imekaa nyuma ya flaiwili, flaiwili iko nyuma ya klachi, na klachi imebanwa kati ya injini na giaboksi. Hakuna spana iliyopinda kiasi cha kufika huko. Hapana budi injini itoke.

Waliolibuni waliifunga injini hiyo kwa bolti nne tu. Mbili za chini zaonekana. Mbili za juu zimejificha nyuma ya ganda la feni, na fundi hupitisha mkono akapapasa mpaka vidole viione nati ambayo macho hayaioni. Tena katika yale ya zamani zaidi yahitajika watu wawili: mmoja alale chini akishika kichwa cha bolti, mwingine juu azungushe nati. Hawaonani. Wanasikilizana kwa sauti tu.

Na ni nani anayetumwa kulala chini? Mara nyingi ni kijana wa nyumbani, kwa kuwa ni mwembamba na ana macho mazuri. Hapa hatuna budi kusema bila kuzunguka. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia. Akina baba, msimwingize mtoto wenu chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo. Gari liwe kwenye ardhi ngumu. Na uzito wake ukae juu ya stendi za chuma au vipande vipana vya mti mgumu. Tofali la saruji halifai, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kisha lisukumweni gari kwa nguvu kabla mtu hajaingia. Likitikisika, lipangwe upya. Injini yenyewe ina uzito wa takriban kilo 100, nayo ikiteremshwa hakuna wa kuidaka kwa mikono.

Hatari ya pili ni petroli. Betri, ambayo imefichwa chini ya kiti cha nyuma, itenganishwe kwanza, tukianza na waya wa hasi. Tangi liko mbele na juu, hivyo mpira wa petroli ukichomolewa nyuma, mafuta hutiririka yenyewe mpaka uzibwe. Taa ya koroboi na sigara vikae mbali.

Sasa injini iko chini, na mahali palipofichika pako wazi. Wengi hubadilisha sili, wakaridhika, wakarudisha injini. Tungewaomba wautazame ule mpira mfupi unaotoka kwenye bomba la chuma la petroli kuingia kwenye injini. Katika magari mengi ya namna hii umevikwa kitambaa, na chini ya kitambaa hicho mpira hukauka na kupasuka bila kuonekana. Petroli ikidondokea injini ya moto, gari laweza kuungua; magari mengi ya aina hii yameishia hivyo. Ubadilishwe na vibanio vyake, hata kama hauvuji leo.

Sili nayo ina adabu yake. Nyuma yake hukaa pete tatu nyembamba za chuma zinazopima mwendo wa kranki mbele na nyuma. Mwendo huo uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Zisichanganywe wala kupunguzwa. Na nati kubwa ya flaiwili yataka kukazwa kwa nguvu nyingi iliyopimwa. Asiye na kipimo na akope kwa jirani; ikikazwa kwa kukisia yaweza kulegea njiani.

Injini ikisharudi, yule wa chini na yule wa juu watajane tena kwa sauti, bolti moja baada ya nyingine, mpaka zote nne. Gari literemshwe, betri iunganishwe, injini iwashwe hapo uwanjani kwenye hewa, nayo iachwe ingurume. Mmoja achuchumae nyuma na tochi ya betri, autazame ule mpira mpya kwa dakika tano, na kununusa pia.