MTOTO ASOME UMEME
Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa wanachama



Wote tunaikumbuka mota ya mashine yetu ya kusaga. Fezi moja kati ya tatu ilikatika, mota ikaendelea kunguruma kwa mbili mpaka ikaungua. Siku nane akina mama walitwanga kwa mchi, tukimngoja fundi wa mjini. Kijiji kizima hakuna aliyejua kwamba ingezimwa mapema ingepona.

Sasa matokeo ya kidato cha nne yametoka na vijana wanafungasha kwenda machimboni Geita. Hatuwalaumu, njaa tunaijua. Lakini dhahabu huisha: mgodi wa Buzwagi, hapo Kahama tu, ulikoma uzalishaji mwaka 2021. Umeme unatakiwa kila siku. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Jirani zetu wa Ngunga, Kishapu, wamepata mradi wa umeme wa jua. Na mgodini kwenyewe, umeme ukikatika pampu na feni za chini zinasimama.

Njia ni tatu. Kwanza VETA, kijana anatoka fundi. Pili chuo cha ufundi, kama cha Arusha au DIT ya Dar es Salaam, miaka mitatu, anatoka fundi sanifu mwenye stashahada. Akifaulu vizuri anaweza kuendelea chuo kikuu. Tatu kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Hisabati, halafu chuo kikuu miaka minne. Hapo hajamaliza: atafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili.

Basi tunaomba haya:

1. Mtoto asitolewe darasani kwa sababu ya kuchuma pamba.
2. Msichana apewe saa ya kufanya hesabu kama kaka yake.
3. Sehemu ya ziada ya pamba iwe mfuko wa karo ya watoto wawili, mmoja msichana.

Wapo wanaosema, "Tukimsomesha hatarudi." Huenda kweli. Kwa hiyo tuandikishane naye: kila likizo aje akague mashine na nyaya zetu, na awafundishe wadogo zake.

Kura ni Jumamosi. Tusije tukatwanga tena kwa mchi.



Kamati ya Elimu