Mvua ya Kahama Inakwenda Wapi?

Kuna watu wazima huku kwetu, kuanzia Kakola mpaka Masumbwe, wakisikia jiografia wanakumbuka fimbo. Walikaririshwa miji mikuu, mazao ya biashara ya nchi ambazo hawatafika, na aina za mawingu, kisha mtihani ukaja na ramani tupu ya Afrika wakaikodolea macho. Leo mtoto wao anarudi na daftari jioni, na jibu ni moja: "Hilo kamuulize mwalimu wako, mimi lilinishinda."

Siwalaumu. Orodha ya majina inachosha, na aliyeichukia hakuwa mjinga. Ila hilo "lilinishinda" silikubali. Nenda Nyarugusu ukamkute mchimbaji mdogo kwenye duara lake. Atakwambia mwamba umelala upande gani, unazama kwa mwinuko gani, maji yatajaa shimoni mwake miezi ipi, na kwa nini karasha ya kusaga mawe iliwekwa pale na si kule. Mtu huyo anaijua jiografia, tena anakula kwa hiyo jiografia. Alichokikataa ni ile iliyoanzia mbali, ikaishia mbali, na haikupita mlangoni kwake hata siku moja.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: ukitaka kujifunza nyumbani, au kumfundisha mwanao, ramani ya dunia iache kwanza. Ngoja mvua inyeshe. Toka nje, tazama maji yanayotiririka nyuma ya nyumba, uliza yanakwenda wapi. Ukijibiwa "bondeni", uliza bonde linakwenda wapi. Usikubali kuacha mpaka mfike baharini, au mpaka mgundue kwamba bahari haipo.

Nasema hivyo kwa sababu wilaya ya Kahama imekaa mahali pa ajabu, na wengi tunaoishi hapa hatujaambiwa. Mvua inayoshuka upande wa kaskazini, kwenye vijito vya Bulyanhulu, inaelekea Ziwa Victoria kupitia ule mkono mrefu wa ziwa unaoitwa Ghuba ya Smith. Kutoka ziwani, njia ni Jinja, Mto Nile, Sudan, Misri, mpaka Bahari ya Mediterania. Mvua ya kusini-magharibi, kule Ushetu, inashika njia ya Igombe hadi Malagarasi, inamwagika Ziwa Tanganyika, na Tanganyika nalo linatokea Kalemie kwa Mto Lukuga kuingia Mto Kongo, hadi Atlantiki. Ya mashariki, kuelekea Isaka na Shinyanga, inachukuliwa na Manonga, inapita mbuga za Wembere, inafika Ziwa Kitangiri, kisha Ziwa Eyasi. Na hapo Eyasi safari imekwisha. Hakuna mto unaotoka. Maji yanakaukia juani na kuacha chumvi.

Wilaya moja, mvua moja ya masika, njia tatu. Kweli, sehemu kubwa ya maji hayo hunyonywa na jua kabla hayajafika popote. Ziwa Victoria lenyewe hupoteza mengi zaidi kwa mvuke kuliko yanayotoka Jinja. Lakini njia ndizo hizo.

Swali hilihili, la maji yanakwenda wapi, liliwagombanisha Wazungu wakubwa. Mwaka 1858 John Speke alitoka Tabora akapita usukumani humu hadi akaliona ziwa, akatangaza kwamba chanzo cha Nile ndicho hicho. Mwenzake Richard Burton, aliyekuwa amebaki Tabora, hakumkubalia, na urafiki ukafa. Livingstone alikufa mwaka 1873 akiwa bado anatafuta vyanzo vya Nile, huku Mto Lualaba alioushuku kuwa Nile ukiwa ni Kongo. Stanley ndiye aliyeufuata mpaka Atlantiki mwaka 1877. Miaka karibu 20 ya malumbano, na vifo.

Halafu kuna suala la bomba. Tangu mwaka 2009 Kahama na Shinyanga zinakunywa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, Misungwi. Mtu wa Shinyanga mjini, ambaye mvua yake inakwenda Eyasi, anapika ugali kwa maji ya bonde la Nile. Misri haikuufurahia mradi huo. Ilikuwa na mkataba wa mwaka 1929 iliotiliana na Uingereza, unaoipa sauti juu ya maji hayo, na Nyerere alikataa kuurithi mapema tu baada ya Uhuru, mwaka 1962. Mpe mtoto wa darasa la sita habari hiyo akiwa ameshika kikombe cha maji, uone kama atasinzia. Mito, mabonde, mipaka, mikataba, vyote vimo kikombeni.

Tukimaliza na maji, tushuke chini. Watoto huambiwa "mwinuko kutoka usawa wa bahari" wakaona ni namba za kujaza pembeni mwa ramani. Hapa Bulyanhulu namba hizo zina uzito. Ardhi yetu iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134, na kina chake kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Mgodi wa Bulyanhulu, ambao si shimo la wazi, ni wa chini kwa chini, umeshuka zaidi ya kilomita moja. Piga hesabu mwenyewe. Baba anayeingia zamu ya usiku akafika chini kabisa ameshapita sakafu ya ziwa, na amekaribia usawa wa maji ya bahari pale Feri, Dar es Salaam. Na bado Ziwa Tanganyika linamzidi: kina chake ni karibu mita 1,470, na sakafu yake iko chini ya bahari kwa mamia ya mita.

Kuhusu majina ya mikoa na wilaya sina mengi. Yanabadilika. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza mpaka ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ikachukua na maeneo yaliyokuwa ya Shinyanga. Anayekariri atakariri upya. Anayejua maji na miinuko hana haja ya kukariri sana.

Limebaki jua. Wanaofunga Ramadhani huku wanalijua kuliko walimu: adhana ya Magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, mtu wa Kakola akifuturu hapo amejiharibia saumu. Sisi tuko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi 7 za longitudo, na kila moja ni dakika 4. Saa za ukutani ni moja nchi nzima, jua halijali. Ndiyo maana pia jua letu halifiki utosini saa sita kamili. Linachelewa, kwa wastani hadi karibu saa saba kasoro dakika 10.

Na si kila siku linafika utosini kweli. Tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta, hivyo jua linatupita juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 12 Machi, na tena karibu na tarehe 1 Oktoba. Mwezi Juni kivuli cha mchana kinaangukia kusini, Desemba kinaangukia kaskazini. Huhitaji kitabu wala bando kulithibitisha.

Kwa hiyo, mzazi uliyeshindwa na jiografia, na wewe kijana unayejisomea nyumbani, nawaomba jambo moja. Tarehe 1 Oktoba, ikiwa hakuna mawingu, simamisheni kijiti wima uani saa saba kasoro dakika 20 mchana, muwaite watoto wa jirani, mtafute kivuli kiko wapi. Kikipotea, waulizeni watoto kwa nini, na msiwajibie.