Kura ya Saa Sita Usiku

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii katika semina ya viongozi wa vikundi)

Nimeombwa niseme machache juu ya kupiga kura, na kwa nini watu wengine hubaki nyumbani. Sitawasomea sheria. Nitawapeleka mbali kidogo, mpaka kijiji kimoja cha Marekani ambako hakuna anayebaki nyumbani.

Kijiji hicho huitwa Dixville Notch. Kiko milimani, kaskazini mwa jimbo la New Hampshire, si mbali na mpaka wa Kanada. Tangu mwaka wa 1960, siku ya kumchagua rais ikianza tu, yaani saa sita usiku, watu wa hapo hupiga kura. Sheria ya jimbo inakubali kituo kidogo namna hiyo kifungwe mara tu wote walioandikishwa wakishapiga. Basi dakika chache tu kura zimehesabiwa, na waandishi wa habari wameshatangaza matokeo kabla wenzao wa mijini hawajaamka. Aliyeuanzisha mpango huu pale ni mzee Neil Tillotson, mwenye hoteli kubwa iitwayo Balsams. Yeye ndiye aliyekuwa akitumbukiza kura ya kwanza, mpaka alipofariki mwaka wa 2001 akiwa na miaka 102.

Sasa, kwa nini wote hujitokeza? Si kwamba wana akili kutushinda. Kituo kiko karibu, watu wanajuana kwa majina, na mmoja akikosa, kituo hakiwezi kufungwa mapema. Hebu fikiria jirani zako wote wanakungoja usiku huo wa baridi! Utaenda tu. Kwingineko Marekani mambo ni tofauti. Mwaka wa 2020 walipiga kura karibu thuluthi mbili ya waliostahili, na hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote kwa zaidi ya miaka mia moja. Uchaguzi wao huwa Jumanne kwa sheria ya mwaka wa 1845, na kwa nchi nzima siyo sikukuu. Mtu wa kibarua inambidi achague kati ya foleni na mshahara. Sisi pia Katiba ya 2010 imetupa Jumanne, lakini siku hiyo hutangazwa mapumziko.

Lakini tazameni hesabu zenyewe, maana hapa ndipo penye jambo. Mwaka wa 2004 kura zilikuwa 26: Bush 19, Kerry 7. Mwaka wa 2008 zilikuwa 21, Obama akapata 15 na McCain 6. Mwaka wa 2012 zilikuwa 10 tu, sare ya tano kwa tano. Mwaka wa 2020 zilikuwa 5. Watu wamekwenda wapi? Hoteli ilifungwa mwaka wa 2011. Waliokuwa wakiishi pale kwa sababu ya kazi walihama, na kura zao zikahama nao. Kwa hiyo mtu akikuambia waliojitokeza ni asilimia mia, muulize kwanza: mia ya watu wangapi?

Pia msidhani kijiji hiki hutabiri rais. Mwaka wa 2016 Clinton alipata kura 4 na Trump 2, na Trump ndiye aliyeingia ikulu. Wala hakifanani na majirani zake. Kaunti yao ya Coos ilimpa Obama ushindi mwaka wa 2008 na 2012, halafu ikageukia kwa Trump mwaka wa 2016, 2020 na 2024. Ni nchi ya misitu na viwanda vya karatasi. Kile cha Berlin kilichotengeneza rojo ya mbao kilifungwa mwaka wa 2006, na kiwanda cha karatasi cha Groveton mwaka wa 2007. Sisemi viwanda ndivyo sababu pekee, ila mtu aliyeona bomba la moshi limezimika halafu akaahidiwa kazi, na asiione, humsikiliza yeyote anayesema atageuza mambo.

Kuna jambo moja linalonisumbua mimi. Mwaka wa 2020 kura zote 5 zilimwendea Biden. Haya, siri iko wapi? Kila mtu kijijini, na dunia nzima kwenye televisheni, alijua kila mmoja wao amempigia nani. Kwao, wenye amani na wasio na wa kuwatisha, ni kichekesho tu. Lakini mahali ambapo mwajiri au tajiri wa shamba anangoja nje ya mlango, hesabu ndogo kama hiyo ni hatari. Hata 1960 walipoanza, kura zote 9 zilikuwa za Nixon, na mwenye hoteli alikuwa mmoja wa hao 9.

Mwaka wa 2024 walikuwa 6: Harris 3, Trump 3. Wakahesabu, wakafunga kituo, wakaenda kulala.

Tunywe chai kwanza. Tukirudi tugawanyike kwa kata, kila kata ituambie kituo chake kiko umbali gani kwa miguu, na ni nani hasa hafiki.