Tuyapime majahazi kabla hayajaoza

Katika fukwe za Nungwi kule Unguja, na Matondoni katika kisiwa cha Lamu, fundi wa kuunda vyombo hana mchoro mezani. Hulaza mkuku, akaendelea kwa dhiraa, kwa shubiri na kwa jicho. Mchoro umo kichwani mwake. Akifariki, na jahazi alilounda likaozea pwani, hakuna faili la kufungua.

Hasara hiyo tumekwisha kuionja. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuvutwa na tanga la mkeka, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003, ulipoundwa mfano wake kwa ajili ya makumbusho ya Beit al Ajaib, Zanzibar, ilibidi kutegemea vijimfano vidogo na picha za zamani.

Leo ipo droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Wapo wanaodhani kazi ni kuirusha, kupiga picha moja na kuweka rula juu yake. La hasha! Tuseme kamera iko mita 20 juu ya mchanga, na ukingo wa jahazi uko mita 2 juu ya mchanga huo huo. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Ukipimia fimbo iliyolazwa mchangani, jahazi la mita 18 litasomeka mita 20. Mwenye chombo na aombe Mungu vipimo hivyo visifike kwa mtoza kodi.

Dawa yake ni picha nyingi, za juu na za ubavuni, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya mwenzake, na fimbo za urefu unaojulikana zikiwa kando ya chombo. Programu ya kompyuta huziunganisha, likapatikana umbo zima la kupimika. Kazi hii ingoje maji yakupwe, tanga literemshwe. Chombo kinachoelea hutikisika, na picha zake hazipatani. Uvunguni droni haioni. Huko mtu apige magoti na kamera ya mkononi.

Kibali cha kurusha nacho ni lazima, Tanzania na Kenya pia.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kamera italolinasa. Kwa nini fundi alikataa mti ulionyooka, akachagua uliojipinda wenyewe kwa ajili ya taruma lile? Hilo ataulizwa yeye, na siku aliyopoteza kwa kujibu alipwe kama siku ya kazi. Tumezoea kumwona mtaalamu akija na mashine, akachukua, akaenda zake. Safari hii michoro ichapishwe kwenye karatasi kubwa, na nakala ya kwanza ikabidhiwe kwa fundi, pale pale pwani, kabla mgeni hajafunga mizigo yake.